Kichocheo cha Nikeli Hakitachambua Taka za Tanga

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 kuna habari inayopita kwenye simu za watu hapa Tanga, na kila ikifika mkononi mwa mtu mpya inatiwa chumvi. Mwanzo wake ulikuwa sahihi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza Septemba mwaka huo kwamba wametengeneza kichocheo cha nikeli kinachovunja mifuko na vyombo vya plastiki na kuvigeuza mafuta na nta, hata pale vinapochanganyika na PVC, ile plastiki ya mabomba ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiharibu majaribio ya namna hiyo. Ilipofika kwetu ikawa "imepatikana dawa ya kuyeyusha plastiki zote, kuchambua taka basi". Nimeikuta barazani Chumbageni, nimeikuta kwenye bajaji, na mwisho nikaikuta kwenye kikao cha mtaa, ambako mzee mmoja tunayemheshimu sana aliuliza kwa nini tuendelee kuwahimiza watu watenge makopo na mabaki ya chakula, ilhali mtambo utakuja kufanya kazi hiyo. Hakuna aliyemjibu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Naamini habari hii tumeisoma kinyume. Kazi ya watafiti wale ni kubwa na inastahili heshima, lakini haiondoi haja ya kukusanya wala ya kuchambua. Inachoweza kufanya, ikikua kutoka maabara hadi kiwandani, ni kuipa bei taka ambayo leo haina bei kabisa: mifuko laini, vifungashio vya karanga na maandazi, nailoni za kufungia bidhaa. Na taka ikishapata bei, watakaoigombea hawatakuwa wale wanaoiokota sasa. Kwa hiyo kwa Tanga swali zito ni nani atakayeshika mzani siku hiyo, na swali hilo halijibiwi na kemia.

Twende kwanza Ngamiani, kwenye uwanja mmoja wa kununulia makopo, kwa sababu nusu ya somo hili imo ndani ya chupa moja ya maji. Mama anayefanya kazi pale hukalia ndoo iliyofudikizwa, kisu kifupi mkononi. Chupa ikimfikia anafungua kizibo na kukitupa kwenye kiroba cha kushoto. Anapitisha ncha ya kisu chini ya ile pete inayobaki shingoni, inakatika kwa mlio mdogo, nayo inafuata kizibo. Kisha anachana lebo kwa wima na kuirusha nyuma bila kugeuka. Chupa yenyewe ni PET. Kizibo na pete ni polietilini au polipropilini. Lebo mara nyingi ni polipropilini, na zile zinazobanwa kwa joto kuizunguka chupa nzima huweza kuwa PVC. Chupa moja, plastiki tatu, sekunde chache za mikono iliyozoea. Nyuma yake kuna pipa la maji. Vipande vilivyosagwa vikimwagwa humo, vya vizibo vinaelea kwa sababu polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, na vya PET vinazama. Kasoro ya pipa lile ni moja tu: PVC nayo huzama, maana uzito wake unakaribiana na wa PET, hivyo inajificha humo humo. Nilimwuliza kuhusu rundo la vifungashio lililosukumwa ukutani. "Hivyo havina bei, mwanangu," alisema. "Kijana akiniletea nitampa nini? Jioni tunavichoma."

Kwa nini plastiki zichambuliwe hivyo? Plastiki zote ni minyororo mirefu ya molekuli, ila pingili zake hazifanani. Katika mnyororo wa PET kuna viungo vyenye oksijeni kila baada ya hatua chache, na viungo hivyo hufunguka kwa maji, kwa methanoli au kwa glikoli, ukiwa na joto na kichocheo kinachofaa. Ndiyo maana urejelezaji wa kikemikali wa PET umeshavuka maabara: kampuni ya Eastman ilianza kuendesha mtambo mkubwa wa njia ya methanoli mjini Kingsport, Tennessee, mwaka 2024. Polietilini na polipropilini, ambazo ndizo mifuko laini na vifungashio vingi, ni habari nyingine. Uti wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho, haina kiungo dhaifu cha kuanzia. Njia ya zamani ni kuzipika bila hewa, ambayo wataalamu huiita pirolisisi, kwenye nyuzi 400 hadi zaidi ya 600, mpaka minyororo ikatike yenyewe. Inakatika ovyo. Unapata gesi, mafuta, nta na masizi kwa pamoja, na bado mafuta hayo yanahitaji kusafishwa sana kabla ya kiwanda cha plastiki kuyakubali. Na ikiwa ndani ya chungu hicho kuna PVC, mambo yanaharibika kabisa. Klorini ni kama asilimia 57 ya uzito wa PVC. Ikipata joto inatoka kama asidi ya hidrokloriki, inatafuna chuma cha mtambo na kuua kichocheo. Ukiichoma hadharani, kama inavyochomwa jioni nyuma ya nyumba zetu, moshi wake huweza kubeba dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka.

Hapo ndipo vichocheo vinapoingia. Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa, na kilicho bora huchagua mahali pa kukata. Mwaka 2024 kundi la John Hartwig katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha kwamba oksidi ya tungsteni iliyowekwa juu ya silika, pamoja na sodiamu juu ya alumina, zinaweza kugeuza polietilini na polipropilini zilizochanganyika kuwa propilini na isobutilini kwa ufanisi wa karibu asilimia 90 kwenye nyuzi 320. Hizo ni gesi ambazo viwanda huzitumia kutengenezea plastiki mpya na bidhaa nyingine. Lakini walipotia PET na PVC kidogo tu, ufanisi ulishuka sana. Mwaka mmoja baadaye kundi la Northwestern, likiongozwa na Tobin Marks na Yosi Kratish, likaja na kichocheo ambacho kila chembe ya nikeli imekaa mahali pake peke yake, ikitumia haidrojeni kukata minyororo. Kinafanya kazi kwenye joto lililo chini kwa nyuzi 100, na kwa nusu ya mgandamizo wa haidrojeni, kikilinganishwa na vichocheo vingine vya nikeli. Nikeli si platinamu. Bei yake inavumilika. La kushangaza zaidi, PVC ilipofika hadi robo ya uzito wa mchanganyiko, kichocheo hakikufa, bali kiliendelea kufanya kazi, tena vizuri zaidi. Mtu aliyewahi kusoma namna klorini inavyoua vichocheo atajua kwa nini jambo hili liliwafurahisha wanakemia.

Sasa tuangalie kile ambacho ujumbe wa simu umekiacha nyuma. Kwanza, "mchanganyiko" unaozungumzwa ni wa polietilini na polipropilini, pamoja na PVC iliyoingia humo. Chupa za PET zina kemia nyingine, na njia yake ni nyingine. Nyavu za nailoni halisi, ambayo si ile mifuko laini tunayoiita nailoni, zinazotupwa Sahare nazo zina kemia yake. Pili, kichocheo hiki hurudishiwa nguvu kwa misombo ya alumini ya jamii ambayo hushika moto ikikutana na hewa na kulipuka ikikutana na maji. Maabara inaweza kukitunza. Kiwanda kwenye mji wa pwani wenye unyevu kama wetu kitakitunza kwa gharama, na kwa mafunzo ambayo hayanunuliwi pamoja na mashine. Tatu, plastiki ya maabara ni safi. Nendeni mkoko wa Sahare siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mkashike kifungashio kimoja kilichonasa kwenye vile vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni. Mimi nimefanya hivyo. Mkono unanyanyua tope, chumvi, kipande cha gamba, magugu ya bahari yaliyooza, na katikati ya yote hayo kuna plastiki nyepesi kuliko unyoya. Ukiiosha maji matatu bado inateleza. Ukilipwa kwa kilo, umelipwa kwa tope. Ukimlisha mwenye mtambo, umemlisha maji na mchanga. Kuna mtu lazima aisuuze, aikaushe na kuitenganisha, na mtu huyo hajatajwa mahali popote katika habari ile.

Wapo wanaosema tusihangaike na jambo hili hata kidogo. Wanamazingira wengi wanauona urejelezaji wa kikemikali kama pazia ambalo viwanda vya mafuta vinajifichia ili viendelee kuzalisha, na lazima niseme wazi kwamba ushahidi wao ni mzito kuliko wa wapinzani wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Roland Geyer na wenzake ulikadiria kwamba dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki kufikia 2015, na kwamba katika taka zote zilizotokana nayo, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Asilimia 12 zilichomwa. Zilizobaki ziko madampo na porini, na baharini. Mitambo iliyoahidi kubadili hesabu hiyo imekuwa ikianguka: uliovunja polistirini huko Tigard, Oregon, ulifungwa 2024, na kampuni ya Brightmark yenye mtambo wa Ashley, Indiana, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Machi 2025. Septemba 2024 Mwanasheria Mkuu wa California aliifungulia kesi ExxonMobil akiituhumu kudanganya umma kuhusu urejelezaji, ikiwemo madai kwamba sehemu kubwa kabisa ya plastiki inayoingia kwenye mpango wake wa kikemikali haitoki ikiwa plastiki. Na mazungumzo ya mkataba wa dunia wa plastiki yalivunjika Geneva Agosti 2025 bila makubaliano, nchi nyingi zikitaka uzalishaji upunguzwe na nchi za mafuta zikikataa.

Kupunguza kunawezekana, na sisi ni mashahidi. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na rambo zilizokuwa zikipeperuka kila uchochoro zikatoweka kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia miaka mingi. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu kilichofuata. Muuza nyanya hakuacha kuhitaji kitu cha kumfungia mteja. Vifungashio laini, ambavyo sheria iliviruhusu kwa bidhaa maalumu, vikageuka kuwa mifuko ya kubebea, hadi serikali ikalazimika kutoa katazo jingine mwaka 2021. Ukipita Mgandini leo utaviona. Kwa hiyo ninapokubaliana na wanamazingira kwamba bomba lifungwe kwanza, bado nabaki na maji yaliyokwisha kumwagika sakafuni, nayo ni plastiki iliyomo mikokoni, mitaroni na dampo la jiji, pamoja na ile tutakayoendelea kuitumia kwa sababu dawa, maji na mbegu lazima vifungwe kwenye kitu. Kusema "tupunguze tu" hakumpi yule mama wa Ngamiani kitu cha kufanya na rundo lake zaidi ya kiberiti.

Upande wa pili, wa wanaoshangilia, una hoja za maana na una hoja dhaifu. Ya maana ni kwamba yapo mahali ambako plastiki mchanganyiko inafanyiwa kazi kwa kemia mwaka hadi mwaka bila kelele. Mjini Kawasaki, Japani, kiwanda kilichoanzishwa na Showa Denko, kampuni ambayo sasa inaitwa Resonac, kimekuwa tangu 2003 kikigeuza plastiki za majumbani kuwa gesi, na gesi hiyo kuwa haidrojeni ya kutengenezea amonia. Uwezo wake ni kama tani 195 kwa siku. Anayesema haiwezekani amejibiwa na Kawasaki.

Lakini Kawasaki hiyo hiyo ndiyo inayoibomoa hoja dhaifu kuliko zote, ile ya kuchambua taka basi. Tanuri la Kawasaki ni miongoni mwa mitambo isiyochagua sana duniani. Hugeuza karibu kila plastiki kuwa gesi. Hata hivyo haliletewi jalala. Linaletewa vifungashio vya plastiki ambavyo familia za Kijapani zimevitenga nyumbani, chini ya sheria ya mwaka 1995 ya vyombo na vifungashio, vikakusanywa na manispaa, vikakaguliwa na kufungwa marobota. Gharama ya kufanya mchanganyiko uwe wa plastiki peke yake imelipwa kabla lori halijafika getini. Yaani mtambo unaokula kila kitu unategemea watu wasiotupa kila kitu mahali pamoja. Akija mtu Tanga akatwambia mtambo wake hauhitaji taka zilizotengwa, aulizwe tu mabaki ya ugali, nepi, betri na vioo vitatolewa na nani, wapi, na kwa mshahara gani. Kazi hiyo haiwezi kufutwa. Inaweza tu kuhamishwa kutoka jikoni, ambako ni nyepesi na safi, hadi kwenye mkanda wa kiwanda au kilele cha dampo, ambako ni chafu, ya hatari na ghali. Hiyo ndiyo sababu ya kuendelea kuwahimiza watu watenge, mzee wangu.

Kuna jambo la ukubwa ambalo halizungumzwi na linanitia wasiwasi kuliko kemia yenyewe. Sensa ya 2022 iliikuta Jiji la Tanga na watu wanaokaribia laki nne. Tuseme, kwa ukarimu, kila mmoja wetu anatupa gramu 50 za plastiki kila siku, na tuseme yote inakusanywa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ni tani 20. Mtambo wa ukubwa wa Kawasaki ungehitaji Tanga kumi ili ushibe. Mitambo ya kemia hujengwa mikubwa kwa sababu gharama ya kila tani hushuka kadiri unavyokua, na ukishajengwa hauwezi kuzimwa na kuwashwa kama jiko la mkaa. Mwenye mtambo mwenye njaa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga halmashauri kwa mkataba wa kuleta tani kadhaa kila mwezi au kulipa fidia, na hapo jitihada zozote za kupunguza plastiki zinageuka hasara ya jiji. Ya pili ni kutazama baharini. Tuna bandari iliyochimbwa kina na kuongezewa uwezo katika miaka ya karibuni, na dunia ina nchi tajiri zinazotafuta mahali pa kupeleka marobota yao. Mabadiliko ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatari, yaliyoanza kutumika 1 Januari 2021 yanazuia taka za plastiki chafu na mchanganyiko zisisafirishwe bila ridhaa ya nchi inayopokea. Lakini mchanganyiko wa polietilini, polipropilini na PET ulio safi, unaokwenda kurejelezwa kila aina peke yake, haudaiwi ridhaa hiyo. Tofauti kati ya "safi" na "chafu" itaamuliwa na afisa aliyesimama mbele ya kontena lililofunguliwa mlango mmoja. Simlaumu afisa huyo. Nasema tusimweke kwenye nafasi hiyo.

Na mafuta yatakayopatikana yaende wapi? Nimesikia watu wakiunganisha habari hii na Chongoleani, kwamba kwa vile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu, basi mafuta ya plastiki nayo yatapata pa kuingilia. Chongoleani ni mahali pa kuhifadhi mafuta ghafi na kuyapakia melini. Hapasafishwi kitu. Kiwanda pekee cha kusafisha mafuta tulichowahi kuwa nacho, TIPER pale Kigamboni, kiliacha kusafisha miaka ya 1990 ikielekea ukingoni na kubaki ghala. Ili mafuta ya plastiki yawe plastiki tena, lazima yapite kwenye mitambo mikubwa ya petrokemikali ambayo hatuna. Bila mitambo hiyo, yataishia kwenye jenereta na matanuri. Plastiki iliyogeuzwa dizeli kisha ikachomwa haijarejelezwa. Imechomwa kwa hatua mbili, na hatua ya kwanza imekula haidrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa duniani hutengenezwa kutokana na gesi asilia. Gesi yetu inatoka Songo Songo na Mnazi Bay na kuelekea Dar es Salaam, Tanga haina bomba lake. Sikatai kwamba nta na vilainishi vina soko hapa. Mishumaa na grisi tunanunua. Lakini hilo ni soko dogo la mtambo mdogo, na wanaokuja na michoro huwa hawaji na mtambo mdogo.

Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tuna mkonge. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na makapi ambayo kwa miongo mingi yalitiririshwa tu kutoka kwenye korona, mashine ya kukamulia nyuzi, hadi mtoni, mpaka ulipojengwa pale Hale mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na umeme. Ulifanya kazi, na ulithibitisha kwamba taka ya jana ni mali. Lakini muulize mkulima mdogo wa Korogwe nini kimekuwa kilio chake miaka yote. Jani ni lake, shamba ni lake, jasho ni lake. Korona si yake. Jani la mkonge likikatwa halisubiri, lisipochakatwa upesi linaharibika, kwa hiyo mwenye korona ndiye anayepanga foleni, makato na bei, na makapi yakipata thamani, thamani hiyo inabaki upande wa mashine. Vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge vimehangaika miaka mingi kuhusu jambo hilo moja. Mtambo wa kichocheo utakuwa korona mpya. Waokota makopo watakuwa wakulima wasio hata na shamba, kwa sababu halmashauri ikisaini mkataba unaosema taka zote za jiji ni mali ya mwekezaji, kijana anayeinama kwenye ghuba la taka alfajiri na kiroba chake atakuwa, kwa maandishi, mwizi.

Hili linaweza kuzuiwa, na limezuiwa kwingine. Mjini Pune, India, waokota taka wana ushirika wao unaoitwa SWaCH, ambao tangu 2008 umekuwa ukifanya kazi kwa makubaliano na manispaa: wanakusanya nyumba kwa nyumba, wanalipwa ada ya huduma, na wanabaki na haki ya kuuza wanachokichambua. Haki hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Hapa kwetu ushirika si kitu kigeni, na vijana wa viroba wanajuana kwa majina kutoka Duga hadi Nguvumali. Wakisajiliwa kabla mwekezaji hajaja, atawakuta ni wauzaji. Akitangulia yeye, watakuwa vibarua wake au hawatakuwa chochote. Wanahitaji vitu vichache, na vyote vinajulikana: banda lenye paa ili nailoni ikauke hata masika, maji ya kusuuzia yenye mtaro usiomwaga uchafu baharini, mashine ya kufunga marobota, na glavu. Hakuna hata kimoja kinachosubiri Nature Chemistry, jarida lililochapisha utafiti wa Northwestern, litoe toleo jingine. Vyote vitakuwa na faida hata kama kichocheo kile hakitatoka maabara, kwa sababu nailoni kavu, safi, iliyofungwa, inauzika hata leo kwa wanaotengeneza vigae na mabomba ya bei nafuu, ambapo nailoni chafu haiuziki kwa mtu yeyote.

PVC nayo tuishughulikie mahali ilipo, maana kati ya mambo yote haya ndilo jepesi. Sehemu kubwa ya PVC ya mji huu haitoki jikoni. Inatoka kwenye ujenzi. Mafundi bomba wanajua kila kipande walichokata. Vikikusanywa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi vinapouzwa mabomba mapya, kiasi kikubwa cha klorini kitakuwa kimeondolewa kwenye moto wa jioni bila kichocheo chochote, na watoto wa Makorora na Msambweni watavuta hewa iliyo afadhali mwaka huu huu.

Siku mwekezaji atakapoketi na halmashauri, na naamini siku hiyo itakuja, ningependa mezani kuwe na karatasi inayosema jiji haliahidi tani yoyote, kwamba mtambo hautapokea taka iliyopita bandarini, kwamba aliyeokota ndiye mwenye mali hadi ipimwe na kulipwa, na kwamba itatangazwa wazi kila mwaka kiasi gani cha plastiki iliyoingia imetoka ikiwa plastiki na kiasi gani kimechomwa. Mwenye teknolojia nzuri hatakimbia masharti hayo. Kisha aitwe yule mama wa Ngamiani, aletewe kiti badala ya ndoo, mwekezaji amtajie mbele ya kikao bei ya kilo moja ya vifungashio vikavu.